Kurasa za Nyuma

Kurasa za mbele ni za magari:
usajili, saa, tani, sahihi ya dereva.
Lori la soko la Mwanga, saa mbili na robo.
Trekta la Kibirizi, vichwa vya migebuka.
Hizo ndizo manispaa inanilipia.

Kurasa za nyuma ni zangu.
Niligeuza daftari juu chini, nikaanza upya:
tarehe, upepo, shakwe wangapi.

Mwanzoni niliandika "ndege weupe, wengi",
kama tunavyowataja watu wa mtaa wa pili.
Kisha trekta likatema, kati ya majivu na nepi,
darubini yenye jicho moja zima.
La kulia lina ufa,
kila ndege anayepita hapo huwa wawili.
Nikajifunza kufumba na kuhesabu kwa kushoto.

Anza na miguu.
Kichwa kinadanganya: yule mwenye kofia ya kijivu leo,
msimu ukigeuka amebaki na doa nyuma ya jicho,
wino uliofutwa kwa mate.
Ila miguu ni myekundu, mdomo mwekundu,
na jicho jeupe la mtu aliyekopa
na hana nia ya kulipa.
Huyo ni wetu, wa ziwani hapo chini.

Mwingine huja mvua zikishashika.
Miguu ya manjano, mgongo kama kitako cha sufuria,
tone jekundu chini ya mdomo
utadhani alionja mawese.
Akitua, mwewe husogea.
Korongo marabu tu ndiye hasogei,
amesimama kama mgambo
asiyelipwa mwezi wa tatu sasa.

Wachanga ndio mtihani.
Kahawia, madoadoa, hawajaamua kuwa nani.
Huchukua miaka minne mgongo kuiva.
Nami nina minne kwenye mzani huu wa Msimba.
Sisemi kitu.

Tarehe tisa, mwezi wa pili: pete.
Ya plastiki, mguu wa kushoto.
Nikasoma C, nikasoma 7,
ya tatu ikazibwa na ganda la muhogo.
Nikamtuma Kashindi, muokota chupa,
ambaye huona shilingi ndani ya tope.
Akatambaa kwa tumbo juu ya makapi ya chikichi,
akarudi anahema.
"Nane, dada."
"Nane au B?"
"Nane iliyokaa vibaya."
"Basi hiyo ni B."
Herufi anazijua kwa vizibo, si kwa ubao.
Nikamchorea B kwenye vumbi la mzani,
akaitazama akiinamisha kichwa, upande huu, upande ule.
"Hii ina mgongo," akasema. "Ile haikuwa nao."
Tukabishana mpaka lori la Gungu likapiga honi mara tatu
na Ntahondi akachungulia dirishani:
B au nane, yeye ana inzi.
Tulipogeuka, jaa lote lilikuwa limeruka.

Kuna mtu huko kwenye baridi
aliyemshika ndege yule mkononi,
akaandika, kama mimi, tarehe, uzito, sahihi.
Ningempa habari: yu mzima,
amenenepa, anagombea utumbo nyuma ya trekta.
Lakini barua hiyo inataka herufi tatu,
nami ninazo mbili na ubishi.

Mwezi wa tano mkaguzi akaja, Bwana Mhozya,
akalifungua daftari kwa nyuma.
Kalamu yake ikashuka safu kwa safu.
"Kichwa-kijivu, mia mbili na kumi na mbili. Ni magari ya kampuni gani haya?"
"Ya hapa hapa, bosi. Yanaingia bila kulipa."
"Mgongo-mweusi, tisa?"
"Ya wageni."
Akaguna, akapiga mstari.
"Na hili lenye usajili pungufu?"
"Hilo liliondoka kabla sijamaliza kuliandika."
"Linarudi lini?"

Nje, Kashindi alikuwa anafunga gunia lake,
ameacha mkono kwenye kamba, anasikiliza.

"Mwezi wa kumi na moja," nikasema. "Mvua zikishika."
Naye, kwa wino mwekundu, akaandika: *lifuatiliwe*.